Usimpandishe jike wako kwa picha ya WhatsApp: namna ya kuchagua dume la American Bully bila kujuta

Leo tunaweka pembeni mambo ya mtaji wa genge na kupanga duka, tuongee biashara ambayo vijana wengi tumeivamia miaka hii: kufuga mbwa wa mbegu na kuuza papi. Mimi nina duka la vyakula na dawa za mifugo, na nyuma ya nyumba nina majike wawili wa American Bully. Sijasomea mifugo, niliishia kidato cha nne. Haya ninayoandika nimeyapata kwa madaktari wa mifugo wanaopita dukani, kwa kusoma mwenyewe usiku, na sehemu kubwa kwa kupigwa. Chukua kitakachokufaa.

Naanza na siku niliyopigwa.

Jioni moja ilisimama bajaji mbele ya duka. Akashuka mama mmoja mteja wangu na mjukuu wake wa kama miaka 9. Wamemlaza mbwa kwenye khanga, mmoja kashika huku, mwingine kule, kama wanabeba mgonjwa. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia vizuri tu. Kisha akasema, "Mwanangu, huyu si ndiye uliyeniuzia wewe mwenyewe? Ana miezi 8 sasa. Ngazi tatu za barazani hawezi kupanda. Huyu mtoto akirudi shule ndo anamburuta kumwingiza ndani. Nimekuja uniambie nifanyeje."

Angepiga kelele ningejitetea. Hakupiga. Yule mtoto alikuwa anampapasa mbwa masikio, ananiangalia.

Tulimpeleka kwa daktari, akapigwa eksirei. Nyonga zote mbili mbovu, mpira wa paja haukai kwenye kikombe chake. Daktari akaniuliza, "Baba yake alipigwa picha?" Nikajibu kwa haraka, "Ndiyo daktari, ninayo kwenye simu." Akanitazama. "Sio picha hiyo, mdogo wangu."

Na kweli, dume nilimchagua kwa picha. Kichwa kikubwa, kifua kama ngoma, cheni shingoni. Mwenye dume alikuwa hataki hela, anataka papi mmoja tu wa kwanza kuchagua. Nikaona nimepata dili. Hebu tuangalie hilo dili kwa hesabu, maana huu ni ukurasa wa wafanyabiashara.

Jike alizaa 7, kwa upasuaji kwa sababu papi wa kwanza alikwama. Wawili walizaliwa na kaakaa lililopasuka, maziwa yanatokea puani, hawakumaliza wiki. Wakabaki 5. Mwenye dume akachukua wake, tena yule mzuri kuliko wote. Nikauza 4 kwa 500,000 kila mmoja, jumla 2,000,000.

Matumizi:
- Upasuaji: 450,000
- Chakula, chanjo na dawa za minyoo: 480,000
- Kumrudishia mama hela yake yote: 500,000
- Mteja mwingine ambaye mbwa wake naye alianza kuchechemea, nilimrudishia nusu: 250,000

Jumla 1,680,000. Nilibaki na 320,000 kwa kazi ya miezi mingi, jike kashonwa tumbo, na jina langu mtaani limechafuka. Vipimo vya dume nilivyokwepa ningetozwa 210,000. Yaani nilikwepa kulipa kidogo, nikaja kulipa kingi.

Tangu hapo nina utaratibu. Huu hapa.

KWANZA, MJUE MBWA UNAYEMFUGA

American Bully sio mbwa wa kale. Alitengenezwa Marekani kuanzia miaka ya 1980 na 1990 kutokana na American Pit Bull Terrier na American Staffordshire Terrier, akachanganywa na damu za bulldog. Chama cha ABKC kilianzishwa 2004 kwa ajili yake, na UKC wakamtambua 2013. ABKC wanamgawa katika Pocket, Standard, Classic na XL. Dume wa Standard anatakiwa awe na kimo cha kama inchi 17 hadi 20 mabegani.

Kwa nini nakwambia haya? Kwa sababu lengo la waliomtengeneza lilikuwa kupata mbwa mwenye mwili wa kutisha na moyo mpole. Ni mbwa wa kukaa na familia. Ukiona mtu anatangaza dume la Bully kwa sifa ya kung'ata watu, ujue huyo ameshatoka kwenye mstari.

1. ANZA NA JIKE WAKO MWENYEWE

Kosa letu kubwa ni kutafuta dume kabla ya kumkagua jike. Chukua daftari, gawa ukurasa mara mbili. Upande mmoja andika uzuri wa jike wako, upande wa pili andika kasoro zake bila kumpendelea. Jike wangu mmoja ana miguu ya mbele inayotazama nje kidogo na ni mwoga wa radi. Kwa hiyo dume lake lazima awe na miguu iliyonyooka na moyo uliotulia. Dume mwenye kasoro ileile ya jike simtaki hata akiwa wa bure, maana kasoro mbili zinazofanana zikikutana hazifutani. Zinakomaa.

Na kama jike wako mwenyewe ana nyonga mbovu, anakoroma akiwa macho, au aliwahi kumng'ata mtu, hakuna dume wa kumtibu. Huyo mfuge kwa mapenzi, usimzalishe.

2. UMRI

Dume anaweza kupanda akiwa na miezi 8 au 9, lakini kuweza sio kufaa. Bully wa umri huo bado anakua, na magonjwa mengi ya mifupa hayajajionyesha. Mimi sichukui dume chini ya miezi 18, na nikipata wa miaka 2 na kuendelea nafurahi zaidi. OFA ya Marekani, ambao kazi yao ni kusoma picha za nyonga za mbwa, hawatoi cheti cha mwisho mpaka mbwa afikishe miezi 24. Wana sababu.

Dume mzee kidogo ana faida nyingine: watoto wake wameshakuwa wakubwa, unaweza kwenda kuwaona.

3. PUA NA PUMZI

Kwa sisi wa Dar na Pwani hili naliweka juu kabisa. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anapoza mwili kwa kuhema. Sasa mbwa mwenye pua iliyobanwa na uso uliobonyea anahema kupitia tundu dogo, na nje kuna joto la nyuzi 32 na unyevu wa bahari. Bully waliochanganywa sana na bulldog wafupi wengi wana tatizo hili. Watu wanasema "anakoroma vizuri jamani." Kukoroma sio uzuri, ni njia ya hewa iliyobanwa.

Ukienda kumwona dume fanya hivi. Nenda jioni, mwombe mwenyewe mtembee naye dakika 10 mpaka 15, mwendo wa kawaida. Mkirudi, kaa utazame. Je, matundu ya pua yako wazi au ni mistari miwili tu? Je, anatoa sauti ya kukwaruza akivuta hewa? Ulimi umebadilika rangi kuwa wa bluu au zambarau? Baada ya dakika chache ametulia au bado anapambana? Mwenyewe akikataa mbwa wake kutembea dakika 10 kwa sababu "jua kali" na saa ni 12 jioni, umeshapata jibu.

4. NYONGA, VIWIKO NA MAGOTI

Mtazame akitembea kwa mbele, kwa nyuma na kwa ubavu, sio akiwa amesimamishwa kwa ajili ya picha. Mwambie mwenyewe amkimbize kidogo. Dume anayeruka na miguu yote miwili ya nyuma pamoja kama sungura, anayeyumbisha kiuno sana, au anayekaa kwa kuegemea paja moja, ana neno.

Ila macho hayatoshi. Mbwa mwenye misuli mingi anaweza kuficha nyonga mbovu kwa miaka, na Bully ni misuli mitupu. Kinachosema ukweli ni eksirei ya nyonga na viwiko. Sio kila kliniki ya mifugo inayo mashine, kwa hiyo uliza kliniki kubwa za mjini. Walio Morogoro na jirani waulize hospitali ya wanyama ya SUA. Kama mwenye dume hajawahi kupiga, mwambie mchangie gharama. Akikubali, ni mtu wa kufanya naye kazi. Akikasirika, ondoka kwa adabu.

Daktari pia amsikilize moyo. Ni dakika chache tu.

5. MAGONJWA YA KUPANDANA

Hapa wengi tunalala. Mbwa nao wana magonjwa ya zinaa, na dume anayepandisha kila wiki anaweza kuyasambaza mji mzima.

La kwanza ni brusela ya mbwa. Jike akiipata anaweza kutoa mimba baada ya siku ya 45 hivi, au kuzaa papi dhaifu wanaokufa. Dume anaweza kuvimba pumbu, na anaweza pia kuonekana mzima kabisa huku anaambukiza. Dawa za antibayotiki haziaminiki kuimaliza, inaweza kurudi. Na mbaya zaidi inaweza kumpata binadamu, hasa anayeshika uchafu wa uzazi kwa mikono mitupu. Kipimo ni cha damu. Dume apimwe, jike naye apimwe, kabla ya kupandisha. Aliyekutwa nayo hazalishwi tena.

La pili ni uvimbe wa kuambukizwa sehemu za siri, madaktari wanauita TVT. Hili huku kwetu lipo sana kwa sababu mbwa wengi wanazurura. Unaona kinyama kama koliflawa kwenye uume au ukeni, na damu inadondoka kidogo kidogo. Mtu anadhani jike yuko kwenye joto, kumbe ni uvimbe. Seli za uvimbe zenyewe ndizo zinazohama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine wakati wa kupandana, hata kwa kulambana na kunusana. Habari njema ni kwamba mara nyingi unapona kwa sindano za vinkristini, wiki hadi wiki, chini ya daktari. Mwombe daktari avute ngozi ya uume nyuma atazame mpaka mwisho. Usione aibu, hii ni kazi.

Na kadi ya chanjo uione kwa macho: kichaa cha mbwa, pamoja na chanjo ya mchanganyiko ya distempa na pavo. Tazama tarehe, na tazama kama jina la mbwa kwenye kadi ndilo la huyo aliyesimama mbele yako. Kadi za kuazima zipo.

6. TABIA

Nenda bila kumpigia simu saa tano kabla, mpigie nusu saa kabla. Tazama dume anavyokupokea. Bully mzuri anakuja kukunusa mkia unacheza, au anakutazama ametulia. Anayetaka kukurukia akiwa amefungwa siku nzima, sio lazima awe mkali, huenda ni mateso ya mnyororo. Lakini anayekunja uso kwa mwenye nyumba mwenyewe, anayejificha nyuma ya banda akitetemeka, au anayeganda na kukodoa macho mtoto akipita, huyo mwache. Woga na ukali vyote vinarithiwa kwa sehemu, na woga ndio unaozaa ng'ato nyingi.

Wafanyabiashara wenzangu, hili sio la huruma tu, ni la soko. Uingereza waliruhusu XL Bully kuzalishwa ovyo na kuuzwa kwa yeyote, matukio ya watu kushambuliwa yakaongezeka, serikali ikafunga. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2023, England na Wales, ni kosa kumzalisha au kumuuza, na kuanzia tarehe 1 Februari 2024 ni kosa hata kuwa naye bila cheti maalumu. Watu waliokuwa na biashara ya halali walifunga mabanda kwa sababu ya wachache waliozalisha mbwa wasiofaa. Siku mtoto wa mtu akijeruhiwa hapa kwetu na papi aliyetoka kwako, hakuna ukurasa wa mtandaoni utakaokuosha.

7. UZAZI NA MENO

Shika, usitazame tu. Dume lazima awe na pumbu mbili zilizoshuka. Mwenye moja, au asiye nayo hata moja, hafai kwa mbegu, maana ni hali ya kurithi, na ile iliyobaki tumboni inaweza kuja kuwa saratani. Mtu akikwambia "moja inatosha kutia mimba" yuko sahihi, ila atakutia hasara wewe.

Meno ya juu yanatakiwa kufunika ya chini kidogo, yanakutana kama mkasi. Taya la chini likitokeza sana mbele ni kasoro.

Na uliza kama aliugua homa kali karibuni. Mbegu za mbwa zinachukua kama miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo dume aliyeugua mwezi uliopita anaweza kupanda vizuri na jike asishike. Daktari mwenye hadubini anaweza kutazama mbegu zake.

8. WATOTO WAKE NDIO CHETI CHAKE

Hili ningelijua mapema, yule mama asingekuja na khanga. Nilipoanza kuulizia baadaye, niligundua dume yule alikuwa na mizao miwili kabla yangu, na kote kulikuwa na papi wenye kaakaa lililopasuka. Watu walinyamaza kwa kuona aibu.

Mwombe mwenye dume namba za watu watatu waliompandishia. Wapigie. Maswali yangu ni haya:
- Walizaliwa wangapi, na wangapi walifika wiki 8?
- Jike alizaa mwenyewe au kwa kisu?
- Kuna aliyezaliwa na mdomo au kaakaa limepasuka?
- Kuna aliyenyonyoka manyoya mwili mzima akiwa mdogo? (Ule ugonjwa wa utitiri wa demodeksi ukienea mwili mzima kwa mbwa mdogo, kuna udhaifu wa kurithi ndani yake.)
- Kuna anayechechemea?
- Ungempandisha tena kwa dume huyohuyo?

Swali la mwisho lina nguvu. Msikilize anavyosita.

Kuhusu uzazi wa kisu: papi wenye vichwa vikubwa na mabega mapana wanakwama. Kama jike wako ni mdogo wa umbo, usimtafutie dume mwenye kichwa kikubwa kuliko wote mjini ili upate picha nzuri. Atakayelipia hicho kichwa ni yeye mezani kwa daktari.

9. RANGI NA KARATASI

Rangi hailindi nyumba wala haitembei. Iweke mwisho. Ila kuna rangi moja ya kuijua: merle, ile ya mabaka-mabaka kama marumaru. Ukipandisha merle kwa merle, kila papi ana nafasi 1 kati ya 4 ya kurithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili, na hao wanaweza kuzaliwa viziwi, vipofu, au na macho madogo yasiyofaa. UKC hawaikubali rangi hii kwa American Bully. Anayekuuzia kama "rangi adimu" anakuuzia tatizo kwa bei ya juu.

Karatasi za ukoo zinakusaidia kitu kimoja kikubwa: kujua undugu. Ukipandisha kaka na dada, au baba na binti, kiwango cha undugu wa damu kwa papi ni asilimia 25. Ndugu wa baba mmoja ni 12.5. Magonjwa yaliyojificha yanatokea hapo. Bongo Bully bado ni wachache na wengi wametoka kwa madume walewale, kwa hiyo uliza majina ya babu na bibi mpaka vizazi vitatu, linganisha na wa kwako.

Kuna ugonjwa mmoja wa mishipa ya fahamu, NCL-A, unaojulikana kwa American Staffordshire Terrier ambao ni chimbuko la Bully. Mbwa anaanza kuyumba kama mlevi, mara nyingi akiwa na miaka 3 hadi 5, wakati ameshazaa mara kadhaa. Maabara za nje wanapima DNA kwa mate ya mbwa. Ni gharama, lakini mwenye dume anayepandisha mara 10 kwa mwaka akipima mara moja anakuwa ameshajua maisha yote. Mshawishi.

10. ANDIKENI

Urafiki usiwazuie kuandika. Karatasi moja inatosha, sahihi mbili na shahidi mmoja:
- Ada ni hela au papi? Kama ni papi, anachagua wa ngapi, na akiwa na umri gani?
- Jike asiposhika, kuna kurudia bure?
- Akizaa papi mmoja tu, au wakifa wote, inakuwaje?
- Nani analipia vipimo?
- Papi wakitokea na ugonjwa wa kurithi, mwenye dume anakubali kuarifiwa na kusitisha kupandisha?

Kipengele cha mwisho kilimfanya kijana mmoja anijibu, "Wewe unafuga mbwa au unafunga ndoa?" Nikamwambia vyote viwili vinaleta watoto.

SIKU YENYEWE

Jike akianza kutokwa damu hesabu siku. Wengi wanakubali dume kuanzia siku ya 9 na kuendelea, na watu wengi hupandisha kati ya siku ya 10 na 14. Lakini majike wanatofautiana, na kipimo cha damu cha projesteroni ndicho kinachokwambia yai limetoka lini. Usimpandishe jike kwenye joto lake la kwanza, bado ni mtoto. Jike ndiye apelekwe kwa dume, alfajiri au jioni, sio saa 7 mchana. Watu wengi wanapandisha mara mbili, siku moja katikati. Wakinasana usiwavute, waache mpaka waachiane wenyewe. Kuanzia kama siku ya 28 daktari anaweza kuona mimba kwa ultrasaundi, na uzazi ni kama siku 63.

Na kabla hujamtafuta dume, jiulize nani atanunua. Kama huna hata wateja watatu waliokwisha kukuuliza papi, subiri joto lijalo. Papi wa miezi 5 asiye na mnunuzi anakula kama mtu mzima.

MWISHO WA YULE MAMA

Nilimrudishia hela yake, nikamwambia mbwa nitamchukua mimi. Yule mjukuu akamkumbatia mbwa shingoni, akasema hamtoi. Basi mama akasema, "Hela nimepokea mwanangu, lakini mbwa abaki kwa mwenzie." Mpaka leo nampelekea mfuko wa chakula kila mwezi kwa nusu bei, na dawa za maumivu anazoandikiwa na daktari. Tumemtengenezea mteremko wa mbao pale barazani, hapandi ngazi tena.

Mwaka jana jike wangu wa pili nilimpandisha kwa dume wa miaka 3, sio maarufu, rangi ya kawaida ya kahawia, kichwa cha wastani. Alikuwa na picha ya eksirei, kipimo cha brusela, na watu watatu walionijibu "ndiyo, ningerudia." Walizaliwa 6 bila kisu, wakafika wiki 8 wote 6. Mmoja alinunuliwa na jirani wa yule mama. Ni mama mwenyewe aliyemleta dukani.

Kama una jike anakaribia joto, usikimbilie simu kutazama picha za vifua. Chukua daftari kwanza. Na kama unamjua mtu anayetaka kuingia kwenye hii biashara, mtumie hii asome kabla hajatoa hela.